MBWA KALI: LUGHA YA LANGONI NA SWALI LA KUPIGA MARUFUKU MBWA HATARI, NAKURU

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tangazo la maneno mawili, "Mbwa Kali", ambalo limebandikwa kwenye malango mengi mjini Nakuru na viungani mwake, na kulihusisha na mjadala kuhusu kupigwa marufuku kwa aina za mbwa zinazodhaniwa kuwa hatari. Yanajadili maana ya neno "kali", ushahidi wa methali, tajiriba ya mataifa yaliyojaribu marufuku hiyo, na sheria zilizopo Kenya. Hoja kuu ni kwamba ukali, jinsi Kiswahili kinavyoueleza, ni sifa inayolelewa na kudhibitiwa na mtu. Kwa hiyo sheria imwelekee mwenye mbwa kabla ya kuielekea nasaba ya mbwa wake.

1.0 Utangulizi

Mpita njia anayetoka Milimani kuelekea Kiamunyi, au anayezuru Lanet, Njoro na Naivasha, hukutana na tangazo lilo hilo kwenye malango mengi. Wakati mwingine limechorwa kwa rangi kwenye bati, na wakati mwingine limechapishwa pamoja na picha ya kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Mwenye boma hulihitaji. Eneo hili la Bonde la Ufa lina mashamba ya ng'ombe wa maziwa, mashamba ya maua na mitaa inayopanuka kwa kasi, na mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara.

Hata hivyo, mlinzi huyo huweza kumgeukia mtoto wa jirani. Kila mtu anapojeruhiwa na mbwa mkubwa wa kigeni, baadhi ya watu hutaka aina hiyo ya mbwa ipigwe marufuku. Wengine hujibu kwamba kosa ni la mwenye mbwa. Mjadala huu kwa kawaida huachiwa madaktari wa mifugo na wanasheria. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia, kwa sababu marufuku yoyote huanza kwa kutaja jina, na kutaja jina ni kazi ya lugha.

2.0 Sarufi ya Tangazo

Kisarufi, tangazo hili lina kasoro ambayo kila mwalimu huisahihisha darasani. Nomino "mbwa" ina umbo la ngeli ya I-ZI, lakini kwa kuwa inataja kiumbe mwenye uhai, upatanisho wake hufuata ngeli ya A-WA. Ilipasa kuwa "mbwa mkali" kwa umoja na "mbwa wakali" kwa wingi. Umbo "mbwa kali" ni la Kiswahili cha bara, na linashabihiana na Kisetla, Kiswahili kilichorahisishwa ambacho walowezi walikitumia kuwaamrisha wafanyakazi wao katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Kasoro hiyo ina athari ya kimaana. Kiambishi kinapodondoshwa, idadi nayo hupotea. Mgeni hajui kama nyuma ya lango kuna mbwa mmoja au watano. Zaidi ya hayo, tangazo halina kitenzi. Halisemi nani afanye nini: mgeni asubiri, apige kengele, au aende zake?

Nadharia ya vitendo-uneni, iliyoasisiwa na J. L. Austin katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 na kuendelezwa na John Searle mwaka 1969, inatufunza kwamba kusema ni kutenda. Je, "Mbwa Kali" hutenda nini? Kwa mgeni mwema ni onyo. Kwa mwizi ni tisho. Kwa mwenye nyumba ni kinga: akishatangaza, huhisi kwamba amemaliza wajibu wake, na atakayeumwa atakuwa amejitakia. Tangazo basi huhamisha mzigo wa tahadhari kutoka kwa anayemfuga mbwa hadi kwa anayepita. Mzigo huo humfikia hata mtoto wa miaka minne ambaye hajajua kusoma.

3.0 Dhana ya Ukali

Kivumishi "-kali" kina mawanda mapana: jua kali, dawa kali, kisu kikali, maneno makali, mwalimu mkali. Katika mifano yote hii, ukali ni kiwango kinachoweza kupanda na kushuka. Kisu hunolewa kikawa kikali na hutumiwa kikawa butu. Mwalimu huwa mkali darasani na mpole nyumbani kwake.

Tukirejelea majina ya mbwa, tunaona kwamba Kiswahili huwaainisha zaidi kwa uhusiano wao na binadamu. Mbwa koko ni yule asiye na mwenyewe. Mbwa wa msasi ni wa kazi. Mbwa mwitu yuko nje kabisa ya himaya ya watu. Ukubwa wa umbo nao hutajwa kwa hisia: "jibwa" hutia hofu au karaha, na "kijibwa" hubeba dharau kiasi kwamba humtaja pia kibaraka. Tofauti ya "mbwa wa kizungu" na "mbwa wa kienyeji", ambayo husikika sana Nakuru, hueleza asili na pengine uwezo wa kifedha wa mwenyewe. Haielezi tabia.

Methali hutoa ushahidi wa pande mbili. Wanaotetea marufuku wanaweza kuegemea "Mtoto wa nyoka ni nyoka", kwa maana kwamba silika hurithiwa. Wapinzani wao watajibu kwa "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia". Methali hii ya pili ina uzito wa pekee katika mada hii, kwa sababu inautafuta ukali wa mbwa kwa bwana wake. Hali kadhalika, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" hukumbusha kwamba malezi hujenga tabia. Methali hazikupingana kwa bahati mbaya. Kila moja imeona upande mmoja wa ukweli. Nasaba huathiri ukubwa wa mbwa, nguvu za taya zake na baadhi ya silika zake. Malezi nayo huamua kwa kiasi kikubwa jinsi atakavyozitumia nguvu hizo. Mbwa wa aina ya German Shepherd huweza kufunzwa kumkamata mhalifu, na mwenzake wa nasaba iyo hiyo akafunzwa kumwongoza kipofu barabarani. Kinyume chake, mbwa yeyote anayefungwa mnyororo mchana kutwa, asizoeshwe watu, akafunguliwa usiku ili "awe mkali", hufundishwa kwamba kila kiumbe asichokijua ni adui.

4.0 Tajiriba ya Mataifa Mengine

Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza. Chini ya Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991, aina nne zilipigwa marufuku: Pit Bull Terrier, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Baada ya mfululizo wa mashambulizi mabaya, mbwa wa aina ya XL Bully aliongezwa. Tangu tarehe 31 Desemba 2023 ni kosa kumuuza au kumzalisha katika England na Wales, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga bila cheti maalumu.

Hoja ya watetezi wa sheria hiyo isipuuzwe. Mbwa mdogo akikosea, huacha jeraha. Mbwa mwenye uzito wa mtu mzima akikosea, huweza kuua. Aidha, sheria inayosubiri mbwa aume kwanza humfikia mwathiriwa akiwa amechelewa kusaidiwa.

Lakini utekelezaji wake ulizua tatizo la kilugha. Sheria ya 1991 haikuzungumzia nasaba halisi bali mbwa wa mfano unaofahamika kwa jina fulani, na mwaka 1993 mahakama ilifafanua kwamba mfano huo una mawanda mapana kuliko nasaba. Matokeo yake ni kwamba mbwa hupimwa kwa umbo lake, hata kama hakuwahi kumuuma mtu. Tatizo hili lingekuwa zito zaidi katika Kiswahili, kwa kuwa neno letu la kawaida, "aina", hubeba dhana zote mbili: nasaba na mfano wa umbo. Sheria itakayosema "aina hii ya mbwa ni marufuku" itaacha swali wazi: je, ni yule aliyezaliwa na wazazi wa nasaba hiyo, au ni yeyote anayefanana naye? Katika mitaa kama Kaptembwa na Bondeni, ambako mbwa wengi ni chotara wasio na hati za ukoo, swali hilo lingejibiwa kwa macho ya askari wa kaunti.

Mataifa mengine yalibadilisha msimamo. Uholanzi iliifuta marufuku yake ya Pit Bull mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba haikupunguza visa vya watu kuumwa. Italia nayo iliachana na orodha ya aina hatari mwaka 2009 na kumbebesha mwenye mbwa wajibu. Hata sheria ya Uingereza yenyewe ina kifungu kingine kinachomwadhibu mwenye mbwa wa nasaba yoyote akiachwa bila kudhibitiwa hadi akahatarisha watu. Kifungu hicho hakihitaji kujua jina la nasaba.

5.0 Hatari Ilivyo Nchini Kenya

Swali la msingi kwa Nakuru ni hili: ni mbwa gani anayeua? Nchini Kenya, hatari kubwa zaidi ya mbwa kwa uhai wa binadamu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kutokana nao, na kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, asilimia 40 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Kwa Kenya, makadirio yaliyotumika katika mkakati wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu, uliozinduliwa mwaka 2014 na kulenga mwaka 2030, ni vifo vipatavyo 2,000 kwa mwaka.

Virusi vya kichaa havichagui nasaba. Mbwa koko anayetafuta chakula kwenye jaa kama lile la Gioto, au mbwa mpole wa kienyeji aliyekosa chanjo, huweza kuwa hatari kuliko Rottweiler aliyechanjwa na kufungiwa ndani ya ua. Orodha ya nasaba za kigeni ingewaacha nje mbwa hao wote. Kinachozuia vifo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kufika hospitalini mara moja ili kupewa chanjo.

Sheria za kumwajibisha mwenye mbwa tayari zipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kushughulikia ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kwa hiyo Kaunti ya Nakuru, ambayo makao yake makuu yalipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina mamlaka ya kikatiba ya kujua nani anafuga mbwa gani, wapi, na kama amemchanja.

Hapa tangazo la langoni linarejea kwa sura mpya. Sheria ya Uingereza iliyotokana na maamuzi ya mahakama, ambayo Kenya iliirithi jinsi ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ina kanuni ya kale: mwenye mnyama wa kufugwa huwajibika pale inapothibitika kwamba aliijua tabia yake ya hatari. Basi, anayeandika "Mbwa Kali" anatangaza kwamba anajua. Maneno aliyoyaweka ili yamkinge yanaweza kusomwa dhidi yake kama ushahidi wa ujuzi huo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba marufuku ya nasaba hukabiliwa na matatizo mawili nchini Kenya: ugumu wa kuitaja nasaba kwa uhakika miongoni mwa mbwa chotara, na ukweli kwamba hatari kubwa zaidi hutokana na mbwa wasiochanjwa wa nasaba yoyote. Hata hivyo, hofu ya wanaodai marufuku ni ya haki, na haitoshi kujibiwa kwa kusema kwamba mbwa hana kosa. Inahitaji leseni inayotolewa na kukaguliwa, chanjo ya kila mwaka, ua imara, na masharti makali zaidi kwa anayefuga mbwa mwenye nguvu za kuua, kwa kuzingatia ukubwa na mwenendo wake.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana wajibu. Matangazo ya kampeni za chanjo, fomu za leseni na sheria ndogo za kaunti zinahitaji Kiswahili fasaha kisicho na utata, ambamo neno kama "aina" limefafanuliwa kabla ya kutumiwa. Hata tangazo la langoni linaweza kuandikwa upya: "Tunafuga mbwa. Piga kengele, usubiri nje, tutamfunga kwanza." Tangazo hilo lina upatanisho sahihi. Muhimu zaidi, lina kitenzi, na mtenda wa kitenzi hicho ni mwenye nyumba.