Waganga wa Sokwe

Katika misitu ya Maniema huishi sokomutu, yaani sokwe. Mwindaji akimwua mama, mtoto hufungwa kamba kiunoni, akauzwa. Kamba humkata nyama. Mikono yake hulegea, kwa kuwa hapandi miti tena.

Tangu mwaka 2002 watoto wa namna hii hupokelewa Lwiro, karibu na Bukavu, safari ndefu kutoka Kabambare. Kwanza mtoto hutengwa, asije akawaambukiza wenzake ugonjwa. Mganga wa wanyama humpima, humwosha vidonda, humpa dawa. Lakini dawa peke yake haitoshi. Mtunzaji humbeba kifuani na kumnywesha maziwa, maana mdogo asiye na wa kumshika aweza kufa kwa huzuni. Kazi hiyo yataka uvumilivu: mtoto huuma, tena huchafua nguo! Akipata nafuu hupewa kamba na matawi ya kuning'inia, mikono ipate nguvu. Kisha huzoeshwa polepole kundi la wenzake.

Kumrudisha msituni ni vigumu zaidi. Wengi hubaki Lwiro, na sokwe aweza kuishi miaka 50.

Maswali: Kwa nini mtoto hutengwa kwanza? Mikono yake hupataje nguvu?