Wakimbiaji wa ufuoni, tunzeni magoti

Ukifanya mazoezi ya mbio ndefu ufuoni Shela na goti moja likaanza kuuma huku jingine likiwa zima, tazama kwanza mchanga. Ufuo umeinama kuelekea baharini, hivyo mguu wa upande wa maji hukanyaga chini kuliko mwenzake kila hatua. Kimbia maji yakiwa yamepwa, juu ya mchanga mbichi ulioshikana. Siku za bamvua maji hupwa mbali zaidi na nafasi huwa tele. Ukifika nusu ya safari, rudi njia hiyo hiyo ili miguu ipokezane.

Lakini kinachoumiza wengi ni haraka. Aliyezoea kilomita 5 asikurupukie 15 kwa sababu mashindano yamekaribia. Aongeze moja au mbili kwa wiki. Hatua fupi hulipunguzia goti mzigo.

Imarisha pia mapaja na nyonga. Ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale, zilivyo wima, zinatosha, ila si wakati goti linauma.

Goti likivimba, likikwama au likishindwa kubeba uzito, acha kukimbia, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya King Fahd mjini Lamu.