Lugha ya Mgonjwa na Istilahi ya Tabibu: Uundaji wa Vipimo vya Dalili katika Tiba Asilia ya Kichina

1.0 Utangulizi

Tabibu wa tiba asilia ya Kichina humchunguza mgonjwa kwa njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kupapasa. Katika kuuliza ndimo lugha inamobeba mzigo mkubwa. Zhang Jiebin (1563–1640) aliyapanga mambo ya kuulizwa kuwa kumi, akaanza na baridi na joto, kisha jasho. Tangu miaka ya 2000 zimefanywa jitihada za kuyageuza maswali ya aina hiyo kuwa hojaji ambazo mgonjwa huzijaza mwenyewe na majibu yake kupewa alama. Hojaji ya maumbile ya mwili iliyoasisiwa na Wang Qi huko Beijing ina maswali 60 yanayopambanua aina 9 za maumbile. Makala haya yanajadili tatizo la kiisimu linalozikabili kazi hizo: jina la dalili katika taaluma hii mara nyingi limekwisha kubeba hukumu ya tabibu kabla mgonjwa hajajibu.

2.0 Baridi na Majina Yake

Katika istilahi za tiba hiyo, wuhan ni baridi isiyopungua hata mgonjwa aongeze nguo au blanketi. Weihan ni baridi inayopungua akijifunika au akiota moto. Tofauti hii si ya msamiati tu. Ya kwanza huelekeza kwenye maradhi yaliyoingia kutoka nje, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa kumtoa mgonjwa jasho. Ya pili huelekeza kwenye upungufu wa yang, yaani nguvu ya joto ya mwili, na tiba yake ni kuiongeza nguvu hiyo. Kwa mujibu wa nadharia yenyewe, kumtoa jasho mtu wa aina hii ya pili ni kumzidishia upungufu.

Hata hivyo, mzungumzaji wa kawaida wa Kichina husema pa leng, ‘kuogopa baridi’, kwa hali zote mbili, kama vile Mswahili anavyosema anasikia baridi pasipo kubainisha ni baridi ipi. Hojaji ikitumia neno la mtaani, hali mbili zinazopingana kimatibabu zitapata alama sawa. Ikitumia istilahi, mgonjwa atakisia tu. Njia iliyobaki ni kuivunja istilahi katika sentensi: kuuliza kwanza kama mtu husikia baridi, kisha kama baridi hiyo hupungua anapojifunika. Kwa hiyo kipashio cha kipimo ni tajiriba inayoelezeka kwa sentensi, wala si istilahi.

3.0 Dalili Zilizofungamana

Si kila istilahi inavunjika kwa urahisi namna hiyo. Wuxin fanre hutaja joto la ‘mioyo mitano’, yaani viganja viwili, nyayo mbili na kifua, pamoja na fan, kero ya nafsi ambayo herufi yake imeunganisha alama ya moto na alama ya kichwa. Wataalamu wa vipimo hushikilia, na ni sawa, kwamba swali moja liulize jambo moja. Lakini yakitenganishwa haya, ule mchanganyiko unaomwashiria tabibu upungufu wa yin hautajwi tena popote. Kujumlisha alama hakuurudishi: mwenye joto kali la nyayo pekee huweza kupata jumla ileile ya mwenye joto dogo kila mahali.

Ulimi nao una tatizo lake. Tabibu huuona utando wa ulimi. Mgonjwa aghalabu hautazami. Hojaji ya Wang Qi imelikabili jambo hili kwa kuuliza ama juu ya utando mzito wenyewe ama juu ya hisia ya kuwa nao, na hivyo jibu moja hubeba vitu viwili visivyo sawa. Aidha, baadhi ya maswali yake humtaka mhojiwa ajilinganishe na watu wengine katika kustahimili baridi. Mkulima wa Harbin na mwenye duka wa Guangzhou hawana ‘watu wengine’ wamoja.