Ukungu wa Ukutani na Kikohozi cha Mtoto

Je, umewahi kuingia chumbani wakati wa masika ukasikia harufu ya uvundo? Umegusa blanketi ukaliona bichi, wala hakuna aliyelimwagia maji? Leo tuzungumze juu ya unyevu huo.

Hapa Lushoto tukiamka asubuhi tunaona ukungu milimani. Huo hauna neno. Jua likitoka, huondoka. Ninaousema mimi ni ule mweusi au wa kijani unaoota ukutani, kwenye godoro na kwenye viatu. Penye unyevu huota, nao hutoa vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho. Tukilala tunalivuta. Huwasha pua na koo, huleta kikohozi, na mwenye pumu humbana kifua.

Masika moja mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka mitatu. Usiku alikuwa akikohoa, na kifua kinalia kama filimbi. Nikampa dawa, akapata nafuu. Baada ya wiki mbili akarudi. Nikampa tena. Mara ya tatu mama akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa yako ni ya siku mbili tu?" Nikaona haya. Jioni ile nilipofunga zahanati nikamfuata nyumbani.

Nyumba yao imejengwa mteremkoni, kama nyingi za hapa. Mlima umekatwa, na udongo uliachwa ukaegemea ukuta wa nyuma. Mvua ikinyesha, maji huingia ukutani na kupanda, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kitanda cha mtoto kiliegemea ukuta huo huo. Nilipokivuta niliona weusi toka sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu. Mimi nilikuwa nikitibu kifua, kumbe chanzo kipo kitandani.

Baba wa mtoto alichukua jembe. Aliondoa udongo ule, akaacha nafasi ya kupita mtu, akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba. Ilimchukua siku nne. Kazi hii ndiyo kubwa, na wengi huikwepa. Hupaka rangi juu ya ukungu, na masika ijayo rangi inabanduka, ukungu uko pale pale.

Ukuta ulikuwa wa udongo, hauoshwi. Mama alijifunga kitambaa puani, akamtoa mtoto nje, akaunyunyizia ukuta maji kidogo ili vumbi lisiruke, akaukwangua. Ulipokauka alikandika upya na kupaka chokaa. Mwenye ukuta wa saruji auoshe kwa maji na sabuni, kisha auache ukauke. Kitanda kilisogezwa, kikawa mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Godoro likaanikwa juani. Dirisha lililokuwa limezibwa kwa gunia likafunguliwa. Najua baridi ya huku, hata mimi langu hulifunga usiku. Lakini mchana fungua, na nguo mbichi zianike nje.

Mle chumbani palikuwa pia na magunia mawili ya mahindi, yamekaa sakafuni. Moja limeota ukungu chini. Mama alitaka kuyaosha ayasage, apike uji. Nikamkataza. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu, nayo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tuliyafukia. Gunia zima! Baba hakusema neno. Lile jingine akalipandisha juu ya kichanja, mbali na ukuta.

Mtoto yule bado hukohoa akipata mafua, ila kile kifua cha filimbi kila usiku kimekwisha.

Lakini si kila kikohozi ni cha ukungu. Kikizidi wiki mbili, njoo upimwe kifua kikuu. Na mtoto akipumua upesi upesi, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje kukausha nyumba. Mlete zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.