Kutoka Misunkumilo hadi Kikundi cha Mkoa: Mwongozo kwa Mwanamuziki wa Sekondari

Kwa mwanafunzi wa sekondari anayeishi Kata ya Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, njia iliyo wazi zaidi ya kuimba au kupiga ngoma pamoja na vijana wa mkoa mzima ni UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Wengi huyajua mashindano hayo kwa soka, netiboli na riadha, lakini ndani yake mna kwaya na ngoma pia. Hupanda kwa ngazi kuanzia shuleni hadi halmashauri, mkoa na taifa. Mkoa wa Katavi una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Vijana wa huko kote wanawania nafasi zilezile unazozitaka wewe.

Kikundi cha mkoa hukaa pamoja kwa muda mfupi, kisha hutakiwa kusikika kama kilichozoeana kwa miaka. Ndiyo maana wateuzi humpenda anayeshika wimbo upesi na kuzisikiliza sauti za wenzake. Sifa hizo mbili hujengwa shuleni, miezi mingi kabla ya mchujo. Zifuate hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Ijue kalenda yako

Fainali za taifa kwa kawaida hufanyika karibu na mwezi Juni. Mwaka 2019 na 2021 zilikuwa Mtwara, 2022 na 2023 Tabora, na 2025 Iringa. Kwa hiyo michujo ya chini huanza mapema zaidi, na anayengoja tangazo la mkoa ndipo aanze mazoezi atakuwa amechelewa. Anza Januari, wiki ya kwanza ya muhula.

Angalia pia uko kidato gani. Kidato cha Sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, wakati ule ule wa michujo, kwa hiyo usiahidi usichoweza kukitimiza. Kidato cha Pili na cha Nne mitihani yao huja mwishoni mwa mwaka, lakini ratiba ya kusoma lazima iandikwe kabla ya kwenda kambini. Walio Kidato cha Kwanza na cha Tatu wana nafasi kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Mwone mwalimu, usingoje kuitwa

Tafuta mwalimu wa michezo au mlezi wa kikundi cha sanaa. Nenda wakati wa mapumziko, peke yako au na mwenzako mmoja, useme kwa ufupi: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Kidato cha Pili. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Naomba kujiunga na kikundi cha shule kitakachokwenda UMISSETA.” Mwambie pia siku unazopatikana na unapoishi, kwa sababu mwanafunzi wa kutwa anayetoka mbali hawezi kubaki hadi jioni kila siku.

Muulize mambo matatu: mwaka huu fani zipi za sanaa zinashindaniwa, kuna wimbo uliopangwa kwa washiriki wote au kila kikundi kinatunga wake, na kikundi kinaruhusiwa kuwa na watu wangapi. Majibu hutoka kwenye maelekezo ya mwaka husika, nayo hubadilika. Mwalimu asipokuwa nayo, anaweza kuyapata kwa Afisa Elimu Kata au kwa maofisa wa michezo na utamaduni wa Manispaa.

Kama shule haina kikundi, andikeni majina ya wanaotaka, mwombeni mwalimu mmoja awe mlezi, kisha yeye apeleke ombi kwa mkuu wa shule likiwa na siku, saa na mahali pa mazoezi. Darasa moja baada ya vipindi linatosha, hata kivuli cha mwembe kinatosha. Kikundi chenye ratiba iliyoandikwa hukubaliwa kwa urahisi kuliko maombi ya mdomo.

Hatua ya 3: Ijue nafasi yako

Kwaya ina sauti nne. Wasichana wengi huingia ya kwanza au ya pili, wavulana ya tatu au ya nne. Mwombe mwalimu wa kwaya akupime: uimbe do-re-mi ukipanda mpaka sauti ianze kukaza, kisha ushuke mpaka ianze kufifia. Nafasi yako ni pale unapoimba dakika kumi bila koo kuuma. Mvulana ambaye sauti yake inavunjika akubali kuimba eneo dogo mpaka itulie. Kuilazimisha huiumiza.

Kama umelelewa kwenye kaswida, una mafunzo tayari: unajua kugawa pumzi, kutamka silabi wazi na kwenda na mdundo wa dufu. Kama umetoka kwaya ya kanisani, huenda umeshazoea kushika sauti yako huku jirani akiimba nyingine. Yote mawili yana thamani mbele ya wateuzi, kwa hiyo yataje.

Kwa ngoma, Katavi ni tajiri. Kuna Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, na Wasukuma waliohamia kwa wingi pamoja na gobogobo yao ya majembe. Chagueni ngoma ambayo kuna mzee karibu nanyi anayeijua. Nendeni kwake kwa heshima, mwulizeni huchezwa wakati gani, maneno yake yana maana gani, na kama inafaa kuchezwa jukwaani na wanafunzi. Ziko ngoma za shughuli maalumu, na mzee huyo ndiye mwenye kutoa ruhusa.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma solfa

Hapa ndipo wengi huachwa. Anayejifunza kwa kukariri tu anahitaji siku kadhaa kwa wimbo mmoja, lakini anayesoma solfa anaweza kuushika jioni moja. Maandishi haya yalisambazwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, yakaletwa na wamisionari, na mpaka leo kwaya nyingi za Tanzania huyatumia.

Herufi ni d, r, m, f, s, l, t. Mstari wa wima hutenganisha vipimo. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Nukta moja hukata pigo katikati, na kistari huendeleza noti iliyotangulia. Alama ndogo juu ya herufi huipandisha noti oktava moja, na chini yake huishusha. Jaribu huu:

| d : r | m : – | s . f : m | r : – |

Piga kofi mapigo mawili kwa kila kipimo. Kwanza soma herufi bila kuimba. Kwenye “s . f” tamka herufi mbili ndani ya kofi moja. Kwenye “m : –” shikilia kwa makofi mawili. Ukiweza bila kusita, imba. Mwishowe anza do mahali pengine, juu au chini kidogo, uimbe tena. Umbali kati ya noti haubadiliki, na ukilielewa hilo utaimba wimbo wowote katika ufunguo wowote.

Hatua ya 5: Nusu saa kila siku

Gawanya hivi:

- Dakika 5 za pumzi. Vuta hewa tumbo likitanuka, itoe kwa “sss” taratibu, ukiongeza muda kidogo kila wiki.
- Dakika 5 za kupasha sauti kwa “mmm” na “naa” katika eneo la kati. Usianze na noti za juu.
- Dakika 10 za solfa mpya, hata mstari mmoja.
- Dakika 10 za wimbo wa kikundi, ukiimba sauti yako huku mwenzako akiimba nyingine.

Simu haziruhusiwi shuleni, lakini jioni waweza kumwomba mzazi simu yake ujirekodi wimbo mmoja. Sikiliza kama noti ya mwisho imeshuka chini ya ulipoanzia. Kushuka hivyo hutokea sana pumzi inapopungua.

Mpiga ngoma atumie muda huo kushika mdundo mmoja bila kuongeza kasi. Mwenzake achezee mdundo huo, naye apige huku akiimba kiitikio. Ngozi hulegea kwa ubaridi wa asubuhi, kwa hiyo ianikeni juani au ipasheni moto kwa uangalifu kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Zungumza nyumbani mapema

Mei na Juni ni wakati wa mavuno ya mahindi na mpunga, na mzazi anahesabu mikono yako. Usimletee habari ya kambi siku mbili kabla. Mweleze tangu Machi, mpe tarehe pindi mwalimu atakapozitaja, na pangeni kazi gani uimalize kabla ya kuondoka. Mwombe mwalimu azungumze naye ana kwa ana ikiwezekana.

Weka tayari nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo kadhaa, kitambulisho cha shule kama kipo, na kadi ya bima ya afya kama unayo. Kama una pumu au ugonjwa mwingine, mwalimu aambiwe kabla ya safari.

Hatua ya 7: Siku ya mchujo

Kula mapema chakula chepesi na unywe maji mara kwa mara, maana Katavi wakati huo imeshaingia kiangazi na vumbi hukausha koo. Usipige kelele kwenye basi wala uwanjani. Wanafunzi hufika hawana sauti kwa kushangilia mpira.

Jukwaani, mtazame mwongozaji tangu anaponyanyua mkono. Tamka mwisho wa maneno. Kama huwasikii walio kando yako, wewe ndiye unayeimba kwa nguvu mno, punguza. Ukikosea, endelea na uso uleule. Ukiambiwa urudie mstari kwa namna nyingine, fanya papo hapo bila kujitetea, kwa sababu hapo wanapima jinsi unavyofundishika.

Usipochukuliwa, mwulize mwalimu kwa adabu kilichopungua, uandike, ufanyie kazi hadi mwaka unaofuata.

Hatua ya 8: Kambini na safarini

Beba daftari la solfa, penseli, sare, chandarua, chupa ya maji na sweta. Fainali zikiwa mahali kama Iringa, mwezi Juni kuna baridi ambayo mtoto wa Mpanda hajaizoea. Beba pia madaftari ya masomo mawili unayoyaona magumu.

Siku ya kwanza, jifunze majina ya wanaoimba sauti yako. Kijana wa Inyonga au wa Karema huenda amefundishwa wimbo kwa kasi tofauti na yako. Fuata ya mwalimu wa mkoa, hata kama ya shuleni kwenu ilikupendeza zaidi.

Hatua ya 9: Ukirudi, fundisha

Kama muziki umekuita, zipo njia za kuendelea: somo la Muziki katika mtihani wa Kidato cha Nne kwa shule zinazolifundisha, TaSUBa kule Bagamoyo, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, au Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanzishwa 2002. Uliza masharti yao ukiwa bado shuleni.

Lakini kabla ya hapo lipo deni la karibu. Vikundi vya shule hufa Kidato cha Nne wanapoondoka na kila walichokijua. Chukua wanafunzi wawili wa Kidato cha Kwanza kwa kila sauti, wape solfa ya nyimbo mlizoimba, wafundishe jioni mbili kwa wiki, na mkabidhi mwalimu nakala safi za nyimbo hizo zibaki ofisini. Mwaka ujao Misunkumilo itaingia mchujo ikiwa na waimbaji wanaosoma, na mwalimu hatalazimika kuanza upya.