Safu Nyumbufu katika Lugha ya C: Mfano wa Ploti za Kibera na Kawangware

Makala haya yanafafanua istilahi ya safu nyumbufu, yaani safu ambayo idadi ya vipengele vyake hujulikana programu inapotekelezwa tu.

Tuchukue ploti ya Kibera au Kawangware yenye vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari mmoja, mwisho wake ukiachwa wazi ili viongezwe vingine. Waandishi wa programu za kuendeshea vifaa walizoea kuitangaza safu ya mwisho kwa [0] au [1]. Hilo ni sawa na kibao kisemacho "hakuna chumba" ilhali wapangaji wamo. Keateka aliyedanganywa na kibao kimoja haamini kingine. Vivyo hivyo, kompaila ya GCC kwa kawaida haikagui mipaka ya safu za mwisho, hata zenye ukubwa wa kweli. Data ikifurika, huharibu kumbukumbu jirani, na mfumo mzima waweza kuanguka.

Kiwango cha C cha mwaka 1999 kiliruhusu mabano matupu, []. Kuanzia mwaka 2020, matangazo mengi ya kale katika kiini cha Linux yamebadilishwa hivyo. Ikumbukwe kwamba mabano hayo hayatengi nafasi: sharti mwandishi aiombe mwenyewe.

Kwa hivyo, sawa na istilahi njema, tangazo liseme kweli kuhusu kitu linachokitaja.