Neno Refu Kwenye Fishi ya Mutoto

Kwenye fishi ya mutoto fulani munganga ameandika neno refu la Kifaransa: drépanocytose. Bamama wengi wanaliogopa, wanasema tu "ile ugonjwa ya damu." Lakini magonjwa ya damu ni mengi. Malaria inapunguza damu, minyoo pia. Ukifika usiku na mutoto mwenye homa, na munganga wa zamu hamjui, neno hilo moja linamwambia kwamba mutoto huyu asingojeshwe.

Basi tulikate vipande, kama mihogo: dre – pa – no – si – to – zi. Ni vipande sita. Sema kimoja kimoja, ukipiga makofi. Cha kwanza ni kigumu, kwa sababu d na r zimeshikamana. Ukisema "dere" si kitu, munganga atasikia. Katikati, "pa-no", ndipo wengi wanapotea. Sasa unganisha: drepano, sitozi. Drepanositozi. Sauti inapanda kwenye "to", kama katika Kiswahili chetu.

Neno linatoka kwa Wagiriki. Drepanon ni mundu, kile kisu kilichopindika cha kukatia majani. Chembe nyekundu za damu ya mutoto huyu, badala ya kuwa mviringo, zinapindika kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo sababu mikono na miguu inavimba, na mifupa inauma. Watanzania wanaita chembe seli, kwa hiyo wanasema selimundu, na kwa kweli wametushinda. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, banganga kule wamesoma kwa Kiingereza: waambie "siko seli." Ugonjwa ni ule ule.

Kuna na jina fupi, SS, tunatamka "es-es." Usilichanganye na AS. Mwenye AS haugui. Amebeba alama moja tu, na mara nyingi hajui. Baba akiwa AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mutoto SS. Watu wa nyumbani wakisema ni bulozi, ama wakikutupia wewe peke yako lawama, waambie: S moja ilitoka kwa baba, nyingine kwa mama.

Na nkambo anayebaki na mutoto wakati unaenda soko, mufundishe naye vile vipande sita. Homa haingoji mama arudi.